MCA wetu yuko kipindi cha tatu, je, Katiba haimzuii?

SWALI: Wakili, salamu. Mimi ni mpiga kura katika kaunti moja ya Pwani. MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, alichaguliwa 2013, akarudi 2017, akarudi tena 2022, na barabara ni ile ile. Gavana ana vipindi viwili tu, mbona huyu hana mwisho? Na gavana aliyemaliza vipindi vyake akipumzika miaka mitano, anaweza kurudi? Halafu kuna vijana wanapita na karatasi za kumwondoa MCA, wanataka sahihi, nambari ya kitambulisho na shilingi mia ya usajili. Nitie sahihi?

JIBU: La gavana ni jepesi. Kifungu cha 180 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mtu hatashika ugavana zaidi ya vipindi viwili. Hakisemi viwili mfululizo, kwa hiyo kupumzika hakufuti hesabu. Naibu anayerithi kiti katikati ya kipindi huhesabiwa kipindi kizima ikiwa zaidi ya miaka miwili na nusu ilibaki kabla ya uchaguzi. Ndiyo maana waliomaliza 2022 walitafuta njia nyingine. Amason Kingi, aliyekuwa gavana wa Kilifi, sasa ni Spika wa Seneti.

MCA hana ukomo, sawa na mbunge na seneta. Miaka mitano ikiisha anarudi kwenu kuomba kura, na mkimpa hata mara sita, Katiba haina neno.

Sasa nije kwenye jambo ninaloulizwa karibu kila wiki, nalo linanichosha. Watu wameaminishwa kwamba tatizo la wadi ni idadi ya miaka. Mmoja anadai MCA afungiwe vipindi viwili mambo yanyooke, mwingine anadai aongezewe muda amalize miradi. Wote wawili wanachukulia kwamba MCA ndiye mjenzi wa barabara, na sivyo. Anayetekeleza miradi ni gavana na mawaziri wake wa kaunti. Kazi ya MCA ni kuwawakilisha, kutunga sheria, na kuisimamia serikali hiyo ya kaunti, na usimamizi huo una kalenda ya mwaka, haungoji uchaguzi.

Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha hufika kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Barabara yenu isipoingia kwenye karatasi hizo, haipo, hata MCA awe mpya au awe wa miaka kumi na tano. Ikiwa imeingia na haikujengwa, hapo ndipo mna swali la kumbana nalo, na ndilo ninalotaka mumuulize: ulipiga kura gani bajeti ilipopitishwa, na umemwita nani mbele ya kamati aeleze pesa zilikokwenda? Huyu wenu amepitia bajeti nyingi. Mngepaswa kumbana kwa kila moja. Kukaa kimya hadi Agosti 2027 ni kumpa likizo.

Na kama hahudhurii vikao, Kifungu cha 194 kinasema MCA anayekosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya spika, na asiye na maelezo ya kuridhisha, hupoteza kiti. Andikieni karani wa bunge la kaunti mkiomba rekodi ya mahudhurio. Kupata habari ni haki yenu chini ya Kifungu cha 35.

Hao vijana wa karatasi usiwape sahihi, usiwape mia. Kumwondoa MCA ni mchakato wa kisheria unaopitia IEBC, tume ya uchaguzi. Lazima kuwe na sababu zinazotambuliwa na sheria, na majina ya angalau asilimia 30 ya wapiga kura waliosajiliwa katika wadi, yanayohakikiwa dhidi ya daftari. Isitoshe, una wakati wake: hauanzishwi mara tu baada ya uchaguzi, wala uchaguzi unaofuata ukishakaribia. Karatasi isiyotaja sababu, isiyo na jina la mlalamishi anayewajibika, haitamwondoa mtu. Kinachobaki mikononi mwao ni pesa zako na nambari ya kitambulisho chako, na nambari hiyo inaweza kutumika kwingine usikokujua. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao, wakitia sahihi karatasi tupu kabisa kwa sababu wamemchoka kiongozi.

Wanaouza njia za mkato hawako sokoni tu. Mwaka 2024 mswada ulifika Seneti ukitaka miaka mitano iwe saba, kuanzia rais hadi MCA. Hoja ilikuwa ile ile, kwamba muda hautoshi. Ukisikia hoja hiyo tena, popote na kutoka chama chochote, fungua ripoti za Mdhibiti wa Bajeti kuhusu kaunti yako. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Ripoti hizo zinaonyesha, mwaka kwa mwaka, kilichotengwa na kilichotumika.