Antivairasi ya Kompyuta ya Studio: Kwa Prodyuza Anayeanza Kampala

Katika studio ndogo za Kampala, kuanzia Katwe hadi Nsambya, kazi bado inaingia kwa flashi. Kwaya ya Wakongomani inaleta biti iliyotengenezewa Bukavu, kijana wa Arua anakuja na vokali alizorekodi kwao, mwalimu wa shule analeta nyimbo za wanafunzi wake. Kutuma faili za WAV kwa intaneti kunakula bando, kwa hiyo watu wanazibeba mfukoni. Flashi hiyohiyo jana ilikuwa kwenye duka la kunakili filamu zilizotafsiriwa na ma-VJ, yaani wasimuliaji wanaozitafsiri kwa sauti, juzi ilikuwa kwenye kompyuta ya mchapishaji wa kadi za harusi Nasser Road. Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu wanaoanza: kabla ya kulinganisha majina ya antivairasi, tazameni milango ambayo virusi hupitia. Katika kazi yetu ni miwili. Mmoja ni flashi, wa pili ni kreki, yaani programu iliyovunjwa leseni ili itumike bila kulipiwa.

Flashi haina ugumu mkubwa. Tangu Windows 7, ukichomeka flashi, Windows haianzishi programu iliyomo humo yenyewe. Kile kirusi ambacho kila mtu hapa anakiita shotikati kinakutegemea wewe. Kinaficha folda halisi za mteja, kinaweka mahali pake ikoni yenye jina lilelile, na ukiibofya mara mbili kinajinakili kwenye mashine yako, kisha kinakufungulia folda ili usishuku kitu. Kwa hiyo mteja akikuambia, "Kaka, chomeka tu, kuna biti moja tu humo," chomeka, lakini usibofye. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya herufi ya flashi, iamuru antivairasi iikague, usubiri.

Ukikuta folda zimegeuka shotikati, usikimbilie kufomati flashi ya watu. Nyimbo mara nyingi bado zimo, zimefichwa tu. Fungua dirisha la amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yenyewe mahali pa E, na folda zitajitokeza. Kisha nakili faili za sauti na MIDI (noti za ala) peke yake. Chochote kinachoishia kwa EXE, VBS au LNK hakina kazi kwenye flashi ya mwimbaji. Windows huficha herufi hizo za mwisho, kwa hiyo ingia kwenye File Explorer uiamuru izionyeshe (za LNK hubaki zimefichwa hata hivyo), vinginevyo faili iitwayo "kiitikio.wav.exe" utaiona kama kiitikio cha kawaida.

Kreki ndiyo yenye mambo. Karibu kila anayejifunza anaanza na programu aliyopewa na rafiki, halafu anaanza kuwinda mtandaoni plagini, yaani vijiprogramu vya ala na athari za sauti, za mamia ya dola zilizovunjwa leseni. Maelekezo ya kreki yana mstari mmoja usiokosekana: zima antivairasi kabla ya kusakinisha. Wazoefu watakuambia usiogope, ni kengele ya uongo. Na kweli, mara nyingine ni ya uongo, kwa sababu programu inayoingia ndani ya programu nyingine na kuinyamazisha isidai leseni inafanana kitabia na kirusi. Lakini wewe huna namna ya kujua ipi ni ipi, na aliyeficha kirusi humo anajua kwamba huna. Antivairasi yoyote, hata ya bei gani, haina msaada kwa mtu anayeizima kwa mkono wake kila anapopata plagini mpya.

Si vitisho vya watu wa kuuza programu. Juni 2019 kampuni ya usalama ya ESET ilieleza kirusi ilichokiita LoudMiner. Kilikuwa kimefichwa ndani ya plagini za wizi za VST (aina ya plagini inayotumika sana kwenye muziki), za Windows na za Mac, tangu Agosti 2018, na watafiti walihesabu programu 137 za aina hiyo kwenye tovuti iliyokuwa inazisambaza. Ukisakinisha, plagini inafanya kazi vizuri tu. Nyuma yake kinaanzishwa kitu kama kompyuta ya pili ndani ya kompyuta yako, kwa QEMU kwenye Mac na VirtualBox kwenye Windows, na humo Linux ndogo inachimba sarafu za kidijitali bila kupumzika. Watafiti walieleza kwa nini watu wa muziki ni windo zuri: mashine zetu zina prosesa yenye nguvu, na sisi wenyewe tumezoea kuiona imepanda. Prosesa ikipanda tunalaumu sinthi (ala ya kielektroniki) au riverbu (mwangwi). Hapa kwetu ongeza na Yaka, umeme wa kulipia kabla: uniti unanunua wewe, sarafu anapata mwingine.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Mac peke yake. ThiefQuest, ambayo mwanzoni iliitwa EvilQuest, ilisambazwa mwaka 2020 ndani ya nakala za wizi za programu za muziki Ableton Live na Mixed In Key, na ya usalama Little Snitch. Ilifunga faili kwa siri na kudai dola 50, na papo hapo ilikuwa inarekodi unachoandika kwenye kibodi na kuiba nyaraka. Mac ina kinga zake, XProtect na Gatekeeper, ndani yake, na kwa mtu anayenunua au kupakua kwa mwenye mali vinatosha. Anayefuata maelekezo ya kreki huviruka mwenyewe kwa kubofya.

Najua bei hizo zikigeuzwa shilingi zinatisha, na sitamhubiria mtu ambaye kodi ya chumba bado hajalipa. Ila njia zipo. Reaper, programu ya kurekodi, unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, na leseni yake kwa mtu binafsi au biashara ndogo ni dola 60. FL Studio, ya kutengenezea biti, toleo lake la majaribio halina kikomo cha muda; shida yake ni kwamba ukishahifadhi mradi huwezi kuufungua tena mpaka ununue, kwa hiyo ni ya kujifunzia, na biti lazima uimalize kwa kikao kimoja. Kwa plagini, Surge XT na Vital ni sinthi nzito zenye toleo la bure, TDR Nova ni ikolaiza (ya kusawazisha sauti nene na nyembamba) ya bure ambayo hata waliolipia nyingine wanaitumia, na Valhalla Supermassive itakupa mwangwi wote ambao mapambio yanahitaji. Zipakue kwenye tovuti ya aliyezitengeneza, siyo kwenye kundi la Telegram.

Sasa uchaguzi wenyewe, ambao ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye Windows 10 na 11, Microsoft Defender, antivairasi ya Microsoft yenyewe, imo tayari, haidai pesa, na haitakurushia tangazo la kuuza toleo kubwa wakati mteja anasikiliza miksi yake. Kwa studio ya mtu mmoja au wawili ninapendekeza hiyo, basi. Ukitaka kupima maneno yangu, zipo maabara mbili zinazojaribu antivairasi bila kuziuza, AV-Comparatives ya Austria na AV-TEST ya Ujerumani. Usiishie kwenye jedwali la nani alikamata virusi vingi. Hapo tofauti kati ya zile kubwa huwa ndogo. Tazama jedwali la nani anaichelewesha kompyuta, maana hilo ndilo litakalokugusa ukiwa unarekodi.

Ya kulipia ina maana pale mashine inapoguswa na mikono mingi: studio yenye mapokezi, wanafunzi, na mtu anayechoma sidii pembeni. Ya bure kutoka kampuni nyingine, soma masharti yake. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza habari za tovuti ambazo watumiaji wake walitembelea, watu waliokuwa wamesakinisha programu hiyo ili wajilinde. Na usiweke mbili. Ukisakinisha nyingine, Defender hujiondoa kazini. Ukiweka mbili za nje, kila faili ya ngoma inakaguliwa na wawili wanaogombania, na mashine inakwama.

Ukinunua laptopu ya mitumba, ambayo ndiyo wengi wetu tunayoanza nayo, kuna mambo mawili ya kukagua kabla hujasakinisha hata plagini moja. Huenda ina antivairasi ya majaribio iliyokwisha muda: haikulindi tena kama inavyopasa na bado imekalia nafasi. Iondoe, washa mashine upya, hakikisha Defender imeamka. Pili, ikiwa Windows yake iliamshwa kwa programu ya magendo, aliyeiweka huenda aliiambia Defender isiguse folda fulani. Ingia Windows Security, kwenye kinga ya virusi, palipoandikwa Exclusions. Orodha ikiwa na kitu ambacho hukuweka wewe, kifute. Kama ningekuwa na muda ningefuta diski nzima na kuweka Windows safi, na kusema kweli ndivyo ninavyowashauri wengi.

Orodha hiyohiyo ya Exclusions ndiyo chombo chako cha kupata wepesi. Ukirekodi kwa bafa (kipande cha sauti kinachoandaliwa kwa mkupuo) ya sampuli 128, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, kompyuta ina takriban milisekunde 2.9 kuandaa kila kipande cha sauti. Ikichelewa hapo, unasikia mkwaruzo. Maktaba ya sampuli (rekodi fupi) za piano ina maelfu ya faili ndogo, na antivairasi inataka kuangalia kila moja inapofunguliwa. Kwa hiyo iambie isikague folda ya sampuli na folda ya miradi, ilimradi vyote vilikaguliwa kabla ya kuingia humo. Usiitoe kamwe folda ya vipakuliwa, wala herufi ya flashi, wala diski nzima ya C. Folda ya plagini mimi siitoi pia: zinapakiwa mara moja unapofungua mradi, ukingoja sekunde chache zaidi hufi.

Ukaguzi wa ratiba nao una tabia ya kuanza kompyuta ikionekana imetulia, na mwimbaji akirudia ubeti kwa dakika kumi bila wewe kugusa mausi, usishangae diski ikianza kazi. Ingia Task Scheduler, chini ya Microsoft, Windows, kisha Windows Defender, upange saa ambayo studio imefungwa lakini mashine imewashwa. Na kabla ya kulaumu antivairasi kwa kila mkwaruzo, pima kwa LatencyMon, programu inayoonyesha nini kinaichelewesha sauti. Mara nyingi mkosaji ni draiva ya Wi-Fi, ambayo ungeizima tu wakati wa kurekodi.

Kuna kinga moja ya Defender inayoitwa Controlled folder access. Huwa imezimwa. Ukiiwasha, inazuia programu isiyoijua kuandika kwenye Documents, jambo zuri dhidi ya virusi vinavyofunga faili. Ila FL Studio huhifadhi miradi hukohuko, na siku ya kwanza inaweza kukataliwa kuhifadhi. Iweke kwenye orodha ya zinazoruhusiwa, ujaribu kuhifadhi mradi wa majaribio, ndipo umwite mteja.

Wengine hukata intaneti kabisa kwenye mashine ya studio, kwa ajili ya bando na kwa ajili ya usalama. Sipingi, lakini flashi bado zinaingia na orodha ya virusi inazeeka. Microsoft hutoa faili iitwayo mpam-fe.exe yenye orodha yote. Ipakue kwenye kompyuta nyingine, ibebe, iendeshe. Fanya hivyo kila wiki. Kuhusu Windows yenyewe: msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025. Defender humo inaendelea kupata orodha mpya, lakini antivairasi haizibi tundu la Windows. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kiliangusha hospitali za Uingereza kupitia tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo. Ukibaki na Windows 10 bila viraka, mashine hiyo ibaki nje ya mtandao.

Hakuna antivairasi inayokamata kila kitu, kwa hiyo nyimbo za watu ziwe na nakala kwenye diski ya nje inayochomolewa baada ya kunakili. Ikibaki imechomekwa, kirusi kinachofunga faili kitaifunga nayo. Na ukishuku faili fulani, VirusTotal itaikagua kwa injini nyingi kwa mara moja, lakini unachopakia huko kinaweza kuonwa na wengine, kwa hiyo peleka plagini, usipeleke wimbo wa mteja ambao haujatoka.

Siku Defender ikikamata kitu ukiwa na mteja, vuta waya wa intaneti au zima Wi-Fi, mwombe radhi, na umwambie kikao kimeahirishwa. Anzisha ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, ambao huwasha mashine upya na kukagua kabla Windows haijaamka. Huchukua kama robo saa. Nywila za barua pepe, chaneli ya YouTube na akaunti ya kusambaza muziki zibadilishe kwa simu, siyo kwa kompyuta hiyo, kisha utoke kwenye vifaa vyote vilivyoingia. Virusi vya wizi siku hizi huchukua vidakuzi vya kivinjari (vijifaili vinavyokuweka umeingia kwenye tovuti), na mwenye vidakuzi vyako huingia kwenye chaneli bila kuulizwa nywila wala namba ya simu.