Waridi langu jekundu limegeuka jeupe

SWALI: Shikamoo Bibi. Niliomba kwa jirani tawi la waridi jekundu nikabebeshe jicho lake, yaani kile kichipukizi kidogo kwenye kitako cha jani, kwenye mwaridi wangu wa mwitu. Mara mbili jicho lilikauka. La tatu likashika, likanipa ua moja jekundu, nikafurahi kweli. Sasa mti umejaa vijiua vyeupe, wekundu siuoni. Je, waridi hubadilika rangi? Na hibiskasi ninao tele, naweza kubebesha waridi juu yake?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waridi lako halikubadilika, limemezwa. Piga magoti, fukua udongo kidogo hadi uone kovu ulipobandika jicho. Kila tawi linalotoka chini ya kovu hilo ni la mwitu, na lina nguvu kuliko mgeni uliyemleta. Usilikate kwa mkasi, maana kisiki chake kitachipua tena. Lishike kwenye kitako, ulivute kwa nguvu kuelekea chini mpaka ling'oke. Kama tawi jekundu bado li hai, litapata nafasi ya kupumua.

Hayo macho mawili ya mwanzo nadhani ulibandika gome likiwa limekaza. Mwagilia mti vizuri siku mbili tatu kabla. Kata herufi T kwenye gome, usiingie kwenye mti wenyewe, kisha liinue kwa ncha ya kisu. Likibanduka laini na chini pana unyevunyevu, endelea. Likichanika, ahirisha, hata kama kisu umeshakinoa.

Jicho lichukue kwenye tawi lililotoka kuchanua, pamoja na kipande cha gome cha sentimita 2 au 3. Jani likate, bakiza kikonyo chake, ndicho utakachoshikia. Kidole kisiguse kidonda, na usiliache juani uende kutafuta kamba! Kamba iwe tayari begani. Lichomeke ndani ya ile T, chini ya gome uliloinua. Mimi hutumia utepe wa plastiki laini, nafunga juu na chini, jicho lenyewe naliacha nje, likitazama juu.

Halafu usifungue kuchungulia. (Najua ulichungulia.) Baada ya wiki tatu hivi, gusa kile kikonyo. Kikidondoka chenyewe, jicho limeshika. Kikinyauka huku kimeng'ang'ania, limekufa, anza upya upande wa pili wa shina. Likishika na kuanza kuchipua, ndipo ukate shina la mwitu juu yake.

Waridi juu ya hibiskasi, hapana. Hizo ni koo mbili tofauti, jicho litakauka tu. Lakini hibiskasi kwa hibiskasi hukubaliana, na shina moja laweza kukupa maua ya rangi mbili. Hapo chonga tawi kama kabari, lichomeke kwenye shina ulilopasua, gome liguse gome walau upande mmoja, funga, vika mfuko wa plastiki, uweke kivulini.

Na ukimaliza mwaridi mmoja, futa kisu kwa spiriti kabla hujagusa mwingine.