Laptopu yangu inajizima sauti yenyewe nikitoka nyumbani

Kisa kilikuwa goli. Niko maktaba, chumba cha kusomea, kimya mpaka unasikia mtu akifunua ukurasa, nafungua laptopu na mtangazaji wa mpira akaendelea palepale nilipomwachia jana usiku, anapiga kelele kwa nguvu zote, na mimi nabonyeza kitufe cha kuzima sauti wala hakisikii maana mashine bado inaamka. Sekunde nne tano hivi, lakini aisee. Mlinzi akaja, "dada, vipi tena?"

Sasa mimi natumia Linux Mint (badala ya Windows), na huko anayesimamia waifai (waifai jamani, siyo wifi yangu, huyo hakuna skripti ya kumnyamazisha) anaitwa NetworkManager. Kila mtandao ukiunganika au ukikatika anaita skripti zote (yaani mafaili mafupi ya amri) zilizopo kwenye folda /etc/NetworkManager/dispatcher.d, anaziambia kimetokea nini, yaani up au down, na jina la mtandao analiweka kwenye CONNECTION_ID. Basi yangu ndiyo hii:

#!/bin/sh
case "$2" in
up) [ "$CONNECTION_ID" = "Nyumbani" ] || amixer -q -c 0 sset Master mute ;;
down) amixer -q -c 0 sset Master mute ;;
esac

Yaani ikiunganika na mtandao usioitwa Nyumbani (hilo ndilo jina la waifai yangu, weka la kwako), au mtandao ukikatika, amixer inazima sauti. Hiyo 0 ni namba ya kadi ya sauti, mashine nyingine ni 1, andika aplay -l kwenye terminal uone. Na faili lazima liwe mali ya root (mtumiaji mkuu wa mashine) halafu ulipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod 755, bila hivyo linarukwa tu, hakuna ujumbe wowote unaoletewa kwenye skrini, mimi hapo nilimaliza jioni nzima nikidhani nimekosea kuandika.

Ila ushauri wangu hasa ni huu, usiorodheshe sehemu za kimya. Mwanzo nilifanya hivyo, maktaba, ofisini, kanisani, nikajiona mjanja, mpaka siku nimekaa foleni hospitali kwenye waifai ambayo haimo kwenye orodha na ikawa yaleyale. Andika nyumbani peke yake, kwingine kote kimya. Na usiiambie ifungue sauti yenyewe ukirudi, kufungua fungua mwenyewe kwa kidole, maana siku nyumbani kuna mtoto kalala utajuta.

Wa Windows mnayo Task Scheduler, programu ya kupanga kazi zijiendeshe zenyewe, unaiambia ianze kwa tukio namba 10000 la Microsoft-Windows-NetworkProfile/Operational, yaani mtandao umeunganika, iendeshe nircmd.exe mutesysvolume 1 (nircmd ni programu ndogo ya kupakua, inazima sauti). Shida yake kule kwenye Conditions unachagua mtandao unaoutaka, huwezi kusema "wowote isipokuwa huu", kwa hiyo mimi ningeacha bila kuchagua, izime kila ikiunganika, hata nyumbani.

Kero iliyobaki ni luku. Ikiisha, ruta inazimika, laptopu iko na chaji yake inaona down, inanyamaza katikati ya tamthilia, na mdogo wangu anaanza kuipigapiga kiganja.