Mbegu za nyasi zimeota viraka viraka, nifanyeje?

Pole ndugu, nimekupata, umemwaga mbegu wiki mbili zilizopita na zimeota huku na kule tu, kwingine udongo mtupu. Usifumue bado! Kuna nyasi zinaota ndani ya siku 7, zingine zinafika mpaka 21 na zaidi, hasa udongo ukiwa wa baridi.

Ila hebu cheki maji, hapo ndo wengi wanakwama. Mbegu ikishaanza kupasuka halafu ikakauka inakufa, hairudi, kwa hiyo mwagilia kidogo kidogo mara 2 au 3 kwa siku, tena kwa matone laini maana mpira ukiufungulia kwa nguvu unasomba mbegu zote zinajazana sehemu moja. Palipobaki wazi kwangua juu juu na reki, rushia mbegu tena, fukia nusu sentimita tu, kanyagia kidogo zishikane na udongo.

Nyasi zikifika sentimita 8 hivi ndo ukate, usizidishe theluthi ya urefu wake. Dawa ya magugu usiguse kabla hujakata mara 3 au 4, inaunguza miche. Na kama maji yanatuama hapo muite bwana shamba auangalie udongo kabla hujanunua mbegu zingine.