Acha Ukutubi Mlangoni Kwanza

Siku ya kwanza nilipoingia Second Life, ulimwengu pepe wa mtandaoni ambao watumiaji hujijengea wenyewe, nilifanya kile ambacho karibu kila mkutubi hukifanya: nilitafuta maktaba. Nikaipata, nikaingia, nikanasa. Mlango ulikuwa mwembamba na dari fupi, na kwa kuwa kamera hukaa nyuma ya avatari, yaani umbo linalokuwakilisha kule, juu kidogo ya kichwa, yenyewe ilibaki nje. Nikawa naangalia matofali ya ukuta huku mwili wangu unagonga rafu ndani. Aliyekuwa zamu akaniandikia: "Shikilia Alt, bonyeza kipanya, halafu kizungushe." Hilo ndilo somo langu la kwanza kule, na halikuhusu kitabu chochote.

Kwa hiyo wewe unayeanza, uwe mkutubi au mtunza nyaraka, nakuomba ucheze kwanza. Wiki tatu nne hivi usijenge kitu, usiandike andiko la mradi, usimwahidi mkuu wako lolote. Jifunze kuruka. Badilisha nguo, badilisha hata umbo. Nenda kwenye dansi, simama pembeni kama mgeni wa harusi asiyemjua bwana wala bibi, usome jinsi watu wanavyoongea. Potea makusudi. Wapo wenzetu wanaoona haya kusema wanacheza, basi wanaita utafiti. Sawa, lakini aliyefanya utafiti bila kucheza utamjua tu: maktaba yake ina ngazi.

Kule wageni wanaruka. Ngazi ni pambo, paa ni kikwazo, na rafu ndefu zenye migongo ya vitabu visivyofunguka hufurahisha macho kwa dakika mbili, basi. Ukurasa uliobandikwa ukutani kama picha huanza kijivu, unakuja ukungu, na mgeni mwenye intaneti ya kusuasua ameshaondoka kabla herufi hazijasomeka. Afadhali kadi ya maandishi anayoweza kuichukua na kwenda nayo, au kiungo kinachomfungulia makala kwenye kivinjari chake. Vyumba viwe vipana, dari iwe juu sana au isiwepo kabisa. Hayo huyajui mpaka umegonga kichwa mwenyewe.

Wapo waliotuonyesha njia mapema. Second Life ilifunguliwa na kampuni ya Linden Lab mwaka 2003, na mwaka 2006 Alliance Library System, ushirika wa maktaba wa Illinois, Marekani, ukaanzisha humo Info Island, kisiwa cha maktaba. Wakutubi wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walikaa zamu kwenye meza ya maulizo. Huyu akienda kulala, mwingine anaamka upande wa pili wa dunia. Ukiniuliza mimi, kilichokuwa na thamani ni ile meza yenye mtu nyuma yake. Majengo yalikuwa mazuri, lakini mgeni akikuta jengo zuri halina mtu hazidishi dakika mbili.

Na usitarajie kuulizwa mambo makubwa. Katika zamu zangu za mwanzo swali nililozoea ni la aina hii: anatokea mtu, amening'iniza boksi la mbao mkononi, anaandika, "Samahani, nimenunua nywele lakini nimevaa boksi." Hajakosea sana. Bidhaa huja ndani ya boksi, naye ameivaa badala ya kuiweka chini na kuifungua. Unampeleka mahali panaporuhusiwa kuweka vitu, unamwonyesha, anatoka na nywele zake. Mmoja wa hao alirudi baada ya mwezi. Alikuwa anajenga merikebu ya karne ya 18 na hakuelewa kamba za tanga la mbele zinafungwa wapi. Hapo sasa ukutubi ukarudi kazini: tulikaa saa mbili kwenye michoro ya zamani ya meli iliyowekwa mtandaoni na majumba ya makumbusho, yeye akisogeza kamba, mimi nikisoma maelezo. Wajenzi wa ulimwengu pepe ni wasomaji wakubwa kuliko wanavyodhaniwa. Wanataka kujua kitasa kilikaaje, taa iliwashwaje, kanzu ilikatwaje. Ila hawatakuja maktaba kuuliza kama hawajawahi kukuona kwenye dansi.

Kuhusu muda, neno moja tu. Saa rasmi ya Second Life ni ya pwani ya magharibi ya Marekani. Sisi ambao saa zetu zinaanza kuhesabiwa asubuhi tuna hesabu mbili za kufanya. Nimeshawahi kuvaa, nikafika mhadharani, nikakuta viti vitupu.

Sasa watunza nyaraka, sogeeni, maana hapa ndipo penye maumivu.

Ulimwengu pepe unaoutembelea ni mali ya mtu mwingine na unakaa kwenye seva ya mtu mwingine. Google walifungua ulimwengu wao, Lively, Julai 2008, na mwaka haujaisha wakaifunga. EA-Land, iliyokuwa zamani The Sims Online, ilizimwa Agosti mwaka huohuo. Microsoft walifunga AltspaceVR Machi 2023, Mozilla wakafunga Hubs Mei 2024. Na pengine dunia yenyewe haifungwi ila bei inabadilika: Linden Lab walipoondoa punguzo la vyuo na mashirika yasiyo ya faida mwaka 2011, wengi walishindwa kulipia visiwa vyao. Baadhi walihamia OpenSimulator, programu huria inayofanana na Second Life, ambayo humruhusu mwenye seva kuhifadhi eneo zima katika faili moja la OAR. Punguzo lilirudi miaka miwili baadaye, lakini aliyekwisha kufunga virago alikwisha kuondoka.

Mimi yalinikuta kwa kiwango kidogo. Tulikuwa na maonyesho kwenye ardhi ya kuazima. Mwenye ardhi akaacha kulipia. Kawaida vitu haviteketei, vinarudishwa kwa wenyewe, kwenye folda ya vilivyopotea. Nikaifungua. Mamia ya vitu, na karibu kila kimoja kinaitwa "Object", jina ambalo programu hukipa kitu usipokipa lako. Object, Object, Object, skrini nzima. Fremu ipi ilishika picha ipi, kibao kipi kilisimama mbele ya meza ipi, hakuna aliyejua. Sisi tuliosomea asili ya nyaraka na mpangilio wake wa awali, tunaowakaripia watu kwa kuchanganya majalada, hatukuwa tumeandika hata majina. Niliona haya ambayo sijaisahau.

Tangu siku hiyo kila ninachokiweka chini nakiita jina kabla sijakiachia, pamoja na tarehe na aliyekitengeneza. Nachukua viwianishi vyake pia. Eneo la Second Life ni mita 256 kwa 256, kwa hiyo namba tatu zinatosha kusema kitu kilikaa wapi. Kila mwezi napiga picha za skrini kutoka sehemu zilezile nne, kisha narekodi video nikitembea polepole kutoka lango mpaka nyuma. Ni kazi ya nusu saa.

Haki ndizo ngumu zaidi. Mradi wa Preserving Virtual Worlds, uliofadhiliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani kuanzia 2008 na kuunganisha vyuo vikuu vya Illinois, Maryland, Stanford na Rochester Institute of Technology, ulikumbana na jambo ambalo nawe utakumbana nalo: kisiwa kimoja kina kazi za watu wengi sana, na kila kiti kinaweza kuwa na mtunzi wake mwenye jina la avatari asiyepatikana tena. Kumiliki kiti si ruhusa ya kukitoa nje ya dunia ile. Omba ruhusa kwa maandishi siku kiti kinapowekwa, mtunzi akiwa bado anaingia. Mazungumzo ya watu nayo ni hivyohivyo: usihifadhi maongezi ya mtu bila ridhaa yake, hata kama anajiita joka.

Minecraft, mchezo wa kujenga kwa matofali, ni nafuu kwa hili. Ulimwengu wake, katika toleo la Java, ni folda kwenye kompyuta yako. Unainakili kama folda nyingine yoyote. Ndiyo maana Maktaba Isiyodhibitiwa, iliyofunguliwa Machi 2020 na Wanahabari Wasio na Mipaka na kujengwa na kundi la Blockworks, haizimiki kirahisi. Makala zilizozuiwa katika nchi kama Urusi, Vietnam na Misri zimeandikwa ndani ya vitabu vya mchezo, na yeyote anaweza kupakua ramani nzima akakaa nayo. Ingia uione, halafu rudi tena uangalie jinsi ukumbi ulivyomwelekeza mgeni bila kibao kikubwa.

Folda hata hivyo haihifadhi watu. Dakika za mwisho za EA-Land zilirekodiwa kwa video na mradi wa Stanford na zimo Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote: watu wamekusanyika, wanaagana, kisha mawasiliano yanakatika. Ningepewa kuchagua kati ya video ile na nakala kamili ya majengo yote, ningechukua video. Najua watunza nyaraka wengine watabisha.

Jambo la mwisho, dogo. Chagua jina la avatari ukiwa umetulia. Miaka ya mwanzo Second Life ilikupa orodha ya majina ya ukoo uchague moja, nami nilichagua kwa sekunde mbili nikiwa na haraka ya kuona maktaba. Wapo wakutubi wa mabara mengine ambao mpaka leo hawanijui kwa jina lingine, na wawili kati yao wameniandikia barua rasmi za kikazi wakianza na hilohilo.