Sensa za ekzosi kwenye gari lenye turbo: ipi ikae kabla, ipi ikae baada

Nikiletewa gari lenye turbo ambalo geji zake zinasoma vitu visivyoingia akilini, sianzi na kompyuta. Nachukua tochi naingia chini ya gari kuona sensa zimefungwa wapi. Mara nyingi tatizo liko hapo hapo: sensa ya oksijeni iko kwenye manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda), kabla ya turbo, na ya joto la moshi iko nyuma ya turbo. Kila moja imekaa kwenye kiti cha mwenzake.

Tuanze na ya oksijeni, maana hiyo ndiyo inayoua injini za watu. Nazungumzia waidibendi, ile inayokupa uwiano wa hewa na mafuta kwa namba kamili. Kabla ya turbo moshi umebanwa, kwa sababu turbini, gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi, inauzuia. Ukikanyaga mpaka mwisho, presha ndani ya manifoldi inaweza kuizidi hata ile presha ya hewa ambayo turbo inasukuma kwenye injini. Na waidibendi huyumbishwa na presha. Ikipanda, namba inatiwa chumvi: mchanganyiko wenye mafuta mengi unaonekana una mengi zaidi, na wenye mafuta machache unaonekana umepungukiwa zaidi.

Sasa mfikirie anayetyuni. Turbo imejaa, anataka lambda 0.80 (lambda ni huo uwiano wa hewa na mafuta: 1 ni sawasawa, chini ya hapo mafuta ni mengi), geji inamwambia, mathalani, 0.75. Anapunguza mafuta mpaka geji inasoma 0.80, roho yake inatulia. Kumbe ndani ya silinda mafuta yameshashuka kuliko alivyokusudia, tena pale pale injini inapoyahitaji ili ipoe. Injini ikianza kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda, katika hali hiyo, pistoni haina muda mrefu.

Kuna joto pia. Sensa ya Bosch LSU 4.9, ambayo utaikuta kwenye geji nyingi za waidibendi, ina kikomo cha nyuzijoto 930 kwa moshi na 600 kwenye nati ya mwili wake. Injini ya petroli inayofanya kazi nzito inafika huko kwenye manifoldi bila shida. Najua kuna magari yaliyotoka kiwandani na sensa kabla ya turbo, baadhi ya Subaru WRX za zamani zikiwemo. Hayo kompyuta yake ilipangwa kwa sensa iliyo mahali hapo. Geji uliyoinunua wewe haijapangwa hivyo.

Kwa hiyo ifunge kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo, sentimita 60 hadi 90 kutoka turbo, na iwe kabla ya masega (kile kichujio cha kusafisha moshi). Nafasi ikibana, 45 bado inafaa. Usiipeleke mbali kuelekea mdomo wa ekzosi. Huko inachelewa kusoma, na injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa, hewa ya nje inarudi ndani na kuidanganya.

Upande wa bomba unaoichomelea una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Tazama bomba kama uso wa saa ya ukutani: sensa ikae kati ya tarakimu 10 na 2, ncha ikitazama chini. Ndani yake kuna kipande cha kauri kinachopashwa na hita mpaka karibu nyuzijoto 780. Asubuhi bomba lina maji ya mvuke ulioganda, na tone moja likiigusa kauri hiyo ikiwa moto, inapasuka. Kwa macho huoni kitu. Utaona tu namba zimekwama au geji inaandika kosa, na sensa bado mpya. Ukiilaza ubavuni au ukiifunga kwa chini, maji yanakaa humo humo. Pia usiiache kwenye bomba bila umeme huku unaendesha, kwani bila hita masizi yanaiziba.

Wakati wa kuchomelea nati yake, funga boliti kuukuu kwenye meno ili yasipinde. Sensa yenyewe ikae mbali kabisa na moto. Kisha ikaze kwa Nm 40 hadi 60, basi.

Kabla hujaziamini namba zake, hakikisha hakuna kinachovuja kuanzia kichwa cha injini mpaka kwenye sensa. Ufa mdogo kwenye gasketi ya turbo unavuta hewa kila mpigo, nayo geji inasoma kwamba mafuta ni machache. Injini ikiwa baridi, iwashe, mwenzako azibe kidogo mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene, wewe paka maji ya sabuni kwenye viungo. Mapovu yatakuonyesha. Injini inayomisi nayo inaleta usomaji huo huo, kwa sababu oksijeni ambayo haikuungua inatoka nzima.

Sensa ya joto mambo yake ni kinyume. Hii lazima ikae kabla ya turbo, kwa sababu unachotaka kujua ni joto linaloifikia turbini na linalotoka kwenye vali. Turbini inakula sehemu ya nishati ya moshi, kwa hiyo nyuma yake joto linaweza kuwa limeshuka kwa nyuzijoto 100 au zaidi, na tofauti hiyo inabadilika kadiri unavyokanyaga. Huwezi kujumlisha namba moja ukapata jibu.

Ukiwa na sensa moja tu, mimi naiweka pale mabomba ya silinda yanapokutana, karibu na mdomo wa turbo. Angalia tu: manifoldi ikiwa imegawanywa njia mbili, utapima nusu ya silinda. Ukitaka kujua silinda ipi inaungua kuliko zingine, utahitaji moja kwa kila bomba, zote kwa umbali sawa kutoka kichwa cha injini, na ncha ifike katikati ya bomba.

Kutoboa, toa manifoldi nje. Sitaki kusikia habari ya kupaka drili grisi ili inase vumbi la chuma. Turbini inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na unyoya mmoja wa chuma unatosha kuharibu mapanga yake. Kwa sababu hiyo hiyo, ifungue sensa kila sevisi uitazame ncha, maana ikikatika njia yake ni moja tu, kwenye turbini.

Na waya zake zisiungwe na waya wa kawaida wa shaba. Themokapo, ndiyo hiyo sensa ya joto, ya aina ya K inataka waya wa aina ya K mpaka kwenye geji. Ukiweka shaba karibu na injini, ambako kuna joto kuliko kwenye dashibodi, geji itasoma pungufu kwa tofauti hiyo, na utaendelea kukanyaga ukidhani bado kuna nafasi.