Namba ya mstari iliyochelewa hatua moja

Mjomba ana duka Arua, na daftari lake la madeni nilimtengenezea kwa Python na GTK, maktaba ya kutengenezea madirisha ya programu. Chini ya dirisha niliweka namba ya mstari, ili akinipigia simu hapa Kampala aseme tu "mstari wa 41" nami nijue ni deni la nani.

Siku ya pili akapiga. "Mpwa wangu, namba yako inadanganya." Kweli: akishuka mpaka mstari wa 12, inasoma 11. Akibofya kwa kipanya, haibadiliki kabisa.

Nilikuwa nimeunganisha funksheni yangu na ishara (taarifa ya tukio) ya move-cursor ya GtkTextView, wijeti yaani kipande cha dirisha cha kuandikia. Jina lake linashawishi, sivyo? Lakini ishara hiyo hutolewa na vitufe vya kibodi, si kipanya, na funksheni yako huitwa kabla wijeti haijakisogeza kishale cha kuandikia. Ni kumuuliza kondakta tumefika wapi na teksi bado iko steji. Nikajaribu connect_after, inayoita funksheni baada ya wijeti kumaliza kazi yake: namba ikaacha kuchelewa, kipanya kikabaki kimya vilevile. Jioni mbili zikaishia hapo, na mwongozo wenyewe wa GTK unasema programu zisijiunganishe na ishara hiyo. Sikuwa nimeusoma.

Kasikilize kwenye bafa, panapokaa maandishi yenyewe, si kwenye wijeti. GtkTextBuffer ina sifa ya cursor-position, ipo tangu GTK 2.10, jiunganishe na notify::cursor-position. Vitufe, kipanya, kuandika, kubandika, vyote vinapita hapo. Kisha chukua alama ya get_insert, ndiyo ya kishale, itafutie mahali pake kwa get_iter_at_mark, uulize get_line. Jumlisha 1, maana mistari huhesabiwa kuanzia 0, na mjomba hatakubali deni la mstari wa sifuri. Wengine hutumia mark-set, ishara ya alama kuwekwa mahali. Hiyo haisemi kitu kishale kikisukumwa na herufi unazoandika.

Move-cursor ina kazi yake: kuitoa wewe mwenyewe. Mjomba hajui Ctrl+End ya kufika mwisho wa maandishi, basi nikampa kitufe dirishani kinachoitoa kwa BUFFER_ENDS (miisho ya maandishi), hesabu 1, bila kuchagua maandishi. Hesabu hasi hurudi nyuma. Baada yake ita grab_focus, la sivyo akianza kuandika herufi haziingii daftarini. Na usikifiche kishale: kikifichwa, ishara ileile husogeza ukurasa badala yake.

Jana kapiga tena. Kitufe ni kidogo mno kwa macho yake.